Nilimkinga mjukuu wangu na degedege, mama yake akamtorosha

Kwako Mshauri mheshimiwa, uliyekabidhiwa siri za watu wengi kuliko kadhi yeyote. Pokea salamu zangu kamilifu, na baada ya salamu nakuomba unipe sikio lako kwa kadiri ya kurasa sita, nami naahidi kutotia humo neno lisilo na kazi.

Mimi ni Oumouri Mchangama, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, mkazi wa Mahabibo katika mji wa Mahajanga, karani mstaafu wa wakala wa meli, na Kiswahili hiki ninachokiandika sikukirithi wala sikufundishwa na mwalimu, kwa kuwa hapa kwetu watu husema Kimalagasi sokoni, Kifaransa ofisini na Kikomoro jikoni, bali nilikijenga mwenyewe kwa muda wa miaka thelathini na minane kwa redio ya masafa mafupi na kwa magazeti ambayo mabaharia walikuwa wakifungia sahani zao, na nakiri kwa unyenyekevu kwamba sijampata bado mtu wa mji huu anayeweza kunisahihisha. Mwaka 1977, Wangazija wa hapa walipokuwa wakipandishwa ndege kurudishwa visiwani Komoro, niliona kwa macho yangu kwamba mwenye karatasi iliyoandikwa vizuri husikilizwa na asiye nayo husukumwa, na tangu siku hiyo neno lisiloandikwa silihesabu kuwa neno.

Jambo lenyewe ni hili. Mjukuu wangu Soulé ana miaka miwili na miezi mitatu. Mama yake ni binti yangu Laïla, ambaye kwa desturi yetu hukaa katika nyumba ya mama yake hata baada ya kuolewa, na mumewe Attoumane humfuata hapo apatapo likizo, kwani kazi yake iko Nosy Sakatia, kando ya Nosy Be, ambako huwashusha Wazungu majini wakatazame samaki na kisha huwapandisha. Mwezi wa Desemba mtoto alishikwa na homa, na adhuhuri moja, akiwa mkekani mbele yetu sote, macho yakageuka, taya likafunga na viungo vikaanza kurukaruka kwa dakika tatu, ambazo nilizipima mimi kwa saa yangu kwa sababu kila mtu mwingine alikuwa akilia. Mke wangu Fatoumia alitaka mtoto atiwe kijiko kinywani na fundi, yaani mwalimu wa chuoni, aitwe aandike kombe, aya za zafarani za kuoshwa kwa maji na kunywewa, nami nilikataa yote mawili, kombe kwa sababu ya elimu yangu na kijiko kwa sababu kilikuwa kile cha fedha tulichopewa siku ya arusi.

Hospitalini daktari kijana alimpima malaria, akamkunjakunja shingo, akamwangalia masikio, kisha akanigeukia na kusema, "Papa, mtoto huyu ni mzima. Homa ilipanda upesi, ubongo ukashtuka. Huwapata wengi hivi, na wakikua huwaacha." Hayo ndiyo maneno yake yote, Mshauri, wala hamkuwa na hata moja la kitaalamu. Kwa hiyo nilimwandikia waraka wa kurasa saba wenye maswali ishirini na mawili yaliyopangwa kwa mafungu, naye akanirudishia baada ya siku mbili akiwa ameandika mgongoni mwake, kwa kalamu ya risasi, "Njoo na mtoto." Sikwenda na mtoto. Mtu aliyejibu waraka wangu kwa kalamu ya risasi hakuwa na la kunifundisha.

Nilijitafutia mwenyewe. Katika jarida la Kifaransa la mambo ya afya, kwenye chumba cha kungojea cha daktari wa meno, nilisoma kwamba watoto waliopata degedege la homa walipimwa damu na wengi wao wakakutwa na kiwango cha vitamini D kilicho chini ya kile cha watoto waliokuwa na homa bila degedege. Nilikisoma kipande hicho mara tatu. Sababu ilikuwa imepatikana, na daktari wetu hakuwa na habari nayo. Kwa bahati njema binamu yangu Tadjiddine alikuwa akija kutoka Marseille kwa arusi ya mdogo wake, nami nikamwagiza, naye akaniletea vichupa kumi na vitano vya vitamini hiyo, vile vya kioo vinavyovunjwa shingo, amevifunga ndani ya soksi, maboksi na karatasi za maelezo akiwa amezitupa huko huko ili kuokoa nafasi, kama wafanyavyo ndugu zetu wote wa Ulaya ambao masanduku yao hujaa vitambaa vya arusi hata hayafungiki.

Maelezo yalipokosekana nilitumia mantiki. Kichupa hakijazi kijiko. Kitu kidogo kiasi hicho hakiwezi kumtosha mtoto kwa muda mrefu. Kila siku ingekuwa pupa na kila mwezi ingekuwa uzembe. Ikabaki kila wiki, na katika wiki nikachagua Ijumaa, kwa sababu ni siku ambayo hata msahaulifu haisahau. Nilianza tarehe 15 Januari, na kila Ijumaa baada ya sala nilimtilia mtoto kichupa kimoja katika sosoa, uji wetu wa mchele.

Laïla aliniona Ijumaa ya nne, akaniuliza, "Baba, nani amekuambia kila wiki?" Nikamjibu kwamba mantiki imeniambia. Mke wangu, ambaye alikuwa akichambua mchele na hakuulizwa, akasema, "Basi mtoto akiumwa, mantiki ikae naye macho." Nayaleta maneno yake kwa Kiswahili ingawa aliyasema kwa lugha yetu ya nyumbani, ambayo kwa mambo ya namna hiyo ni kali zaidi. Kwa ajili ya amani niliwaambia kwamba vinne vimetosha na nimeacha. Hapa, Mshauri, naingia katika ungamo langu, ambalo nakuomba ulitunze: sikuacha. Niliendelea kwa siri hadi tarehe 8 Aprili, na jumla imefika vichupa kumi na vitatu, ambavyo nimeviosha na kuvipanga rafuni kwa tarehe zake, viwili vikiwa bado vizima.

Ushahidi wa mafanikio ninao. Katikati ya Machi Soulé alipata homa tena na degedege tena, lakini safari hii lilidumu dakika mbili tu badala ya tatu, yaani punguzo la theluthi nzima, jambo ambalo hakuna aliyelitambua ila mimi. Isitoshe mwili wake ulianza kujisafisha: anakunywa maji kama mtu mzima aliyefunga, anakojoa mpaka mkeka umeoza upande mmoja, ameacha ulafi wa chakula, haendi choo ila kwa siku ya nne au ya tano, na baadhi ya asubuhi hutapika kidogo na kisha hulala kwa utulivu ambao zamani hakuwa nao. Mtoto aliyekuwa akikimbiza kuku uani sasa huketi nao.

Ndipo Jumapili ya tarehe 10 Aprili, nikiwa msikitini, Laïla alimchukua mtoto akampeleka Nosy Be kwa mumewe bila idhini yangu wala maandishi. Nilipompigia Attoumane simu kumtaka amrudishe, alinijibu, "Baba mkwe, hata Wazungu ninaowashusha majini lazima waje kwanza na karatasi ya daktari. Wewe yako iko wapi?" Hiyo ndiyo heshima ya vijana wa siku hizi. Wiki ya pili mke wangu naye aliondoka, akisema anakwenda kuwaona kwa siku tatu, na leo ni siku ya kumi na moja. Tangu hapo simu zao sizipokei, na sitazipokea mpaka Laïla aniombe radhi kwa maandishi. Ninakula mkate.

Kwa hiyo ninakuomba mambo mawili kwa heshima zote: kwanza, umwandikie binti yangu maneno ya kumkaripia, kwani lako litakuwa na uzito, na namba yake nimeiweka chini ya sahihi, pili, uthibitishe gazetini kwamba mzazi aliyesoma ana haki ya kumkinga mjukuu wake kwa elimu, ili viwili vilivyobaki nisivitie kwa kificho kama mwizi.

Wako katika unyofu wa lugha na wa nia,
Oumouri Mchangama
Mahajanga, tarehe 30 Aprili 2016

MSHAURI ANAJIBU

Mzee Oumouri, Kiswahili chako ni kizuri sana. Nakupa sifa hiyo mwanzoni kwa sababu huko mbele hutakuta nyingine.

Barua yako imesafiri siku kumi na mbili. Nilianza kuisoma nikicheka, nikafika kwenye kiu, mkojo na kutapika, nikaiweka chini nikamtafuta daktari wa watoto ninayemfahamu. Nilipomsomea kipande hicho hakucheka. Alisema, "Simu ya mama yake unayo? Basi unangoja nini?"

Nianze na unachopaswa kukijua sasa hivi. Mwili wa Soulé haukuwa ukijisafisha. Ulikuwa ukizama. Vitamini nyingine zikizidi hutoka na mkojo. Hii haitoki, hukaa katika mafuta ya mwili na kujilundika, kisha hupandisha kalsiamu katika damu, na figo za mtoto huhangaika kuitoa. Ndiyo kiu ile, ndio mkojo ule, ndiko kufunga choo na kukataa chakula. Na ule utulivu uliokupendeza ni mtoto aliyeishiwa nguvu. Vichupa vya namna hiyo, daktari aliniambia, kimoja hutolewa kwa miezi mitatu au zaidi, tena kwa amri ya daktari. Wewe kwa robo mwaka umemmiminia mtoto wa miaka miwili akiba ya miaka mitatu na ushei, ukaisindikiza na uji.

Habari uliyoisoma kwa daktari wa meno si uongo. Wapo watafiti waliokuta vitamini D imepungua kwa watoto wenye degedege, na wapo waliotafuta tofauti hiyo wasiione. Lakini kukuta kitu kimepungua kwa mgonjwa si kukuta kilichomwuguza. Nenda leo kwenye foleni ya hospitali yoyote, utakuta nusu ya wagonjwa wamevaa kandambili, na hakuna msomi aliyeandika bado kwamba kandambili zinaleta malaria. Na hata kama upungufu ungekuwa ndio sababu, upungufu hujulikana kwa kupima damu. Damu ya Soulé hukuipima hata mara moja. Umewatibu watoto wa jaridani kwa mwili wa mjukuu wako.

Dakika tatu zikawa mbili, nawe ukaona theluthi ya ushindi. Mzee wangu, degedege la homa hufupika na kurefuka lenyewe. Siku ile lingedumu dakika nne, ungesema vichupa havitoshi.

Daktari yule wa kalamu ya risasi alikuambia ukweli wote kwa pumzi moja, ukaukataa kwa sababu haukuwa na mafungu. Tena alikuandikia dawa bora katika hadithi hii yote, nayo ni ile ya maneno matatu. Mkeo alitaka kombe, maji ya zafarani, ukamkatalia. Simwambii mtu atibu degedege kwa zafarani. Nasema tu kwamba katika nyumba yenu, dawa iliyomlaza mtoto wodini ni ile iliyokuja kwa ndege.

Ndiyo, wodini. Namba ya binti yako ulinipa ili nimkaripie. Nilimpigia, yeye kwa Kingazija na mimi kwa Kiswahili, tukaokotana maneno njiani, na tulielewana vizuri kuliko nilivyotaka.

Alisema, "Mama, tuko hospitali ya Hell-Ville, mjini hapa Nosy Be. Soulé ana dripu, leo siku ya tano."

"Daktari anasema nini?"

"Anasema kalsiamu iko juu mno na haelewi imepandaje. Nilimwambia habari ya vichupa vinne vya Baba, akasema vinne haviwezi kufika huko. Sasa anatafuta ugonjwa mwingine. Anataja mifupa, anataja uvimbe. Anataka tumpeleke Antananarivo wakampige picha mwili mzima."

Uliniomba nitunze siri. Nikamwambia, "Laïla, havikuwa vinne. Ni kumi na vitatu."

Nikasikia, Mzee Oumouri, akikimbia, kandambili zake zinapiga sakafu, na sauti ya mwanamume ikiuliza ngapi, na yeye akirudia hesabu kwa Kifaransa, mara mbili. Simu alikuwa amemwachia mama yake. Fatoumia alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za nyumbani, akaniuliza kama nina mume. Nikasema ninaye. Akasema, "Basi unajua," akakata.

Siri yako sikuitunza na sitakuomba radhi, kwa mdomo wala kwa maandishi. Ile hesabu uliyoificha ili kulinda amani ya nyumba ndiyo iliyokuwa ikimwongoza daktari kwenye ugonjwa ambao mtoto hana. Jana nimepiga tena. Safari ya Antananarivo imeahirishwa, kalsiamu imeanza kushuka polepole, amekunywa nusu kikombe cha uji bila kutapika. Figo bado wanazitazama, na hakuna aliyeniahidi kitu. Vitamini iliyolala katika mwili wake itachukua wiki nyingi kwisha.

Na usiseme hukuarifiwa. Wamempigia simu baba na babu asiyepokea. Wamemtuma jirani yako Mmadi mlangoni mara mbili, na mara zote mbili, Laïla ananiambia, ulimtaka alete habari hizo kwa maandishi. Mmadi ni fundi wa kuchomelea, ana moto mkononi na watoto saba. Alikwenda zake. Ndiyo maana nakujibu hapa, mbele ya nchi nzima, mahali pekee unapopokea simu.

Sasa sikiliza. Viwili vizima hutampa mtoto yeyote, wala hutamgawia mtu. Vichukue hivyo na vile vitupu vyote, hata kama umeviosha, kwani nguvu ya dawa imeandikwa kwenye kioo na daktari anataka kuisoma mwenyewe, si kusomewa. Panda gari la Ambanja, ni safari ya kuchosha, nawe unastahili kuchoka kidogo. Vuka kwa boti kutoka Ankify. Hospitalini nenda kwanza kwa daktari, umtajie tarehe ya kwanza, tarehe ya mwisho na kiasi cha kila mara. Jibu anachouliza, ukimaliza nyamaza. Karipio uliloniagiza nimeliandika. Ndilo hili unalolisoma, nimekosea anwani tu. Na haki uliyotaka niithibitishe siithibitishi. Kumnywesha mtoto dawa ambayo mama yake amekuuliza na ukamdanganya si kinga, hata ikiwa dawa nzuri.

Soulé atapata homa tena, maana ni mtoto, na huenda degedege likarudi mpaka afike miaka mitano au sita. Likirudi, mlazeni ubavu mahali laini, msimtie kitu kinywani, kiwe cha fedha au cha bati, msimshike viungo kwa nguvu, na tazameni saa. Likipita dakika tano, au likirudi siku hiyo hiyo, au mtoto asizinduke vizuri baadaye, ni hospitali mbio. Hata likiwa fupi, katika miji yetu yenye malaria homa yenye degedege hupimwa siku ile ile. Vitamini, madini na majina mengine mazuri mtamwachia anayepima damu.

Limebaki moja. Kabla ya kuagana Laïla hakulia wala hakukutukana. Aliniuliza tu: alipoulizwa mbele yetu, akiwa anajua ataendelea, kwa nini Baba alisema vinne vimetosha na ameacha? Nilimwambia sijui. Kwa kweli najua, na wewe, ambaye hujampata bado wa kukusahihisha, unajua, lakini jibu hilo si la kutoka kwangu wala si la kupita posta. Atakuwa ameketi kitandani kwa mtoto, upande wenye dripu. Vuta kiti, umwambie.